Kamera ya chini ya bahari: Nunua kina, usinunue jina

MIAKA michache iliyopita, sisi watu wa jamaa moja hapa Nairobi tulichanga pesa kumnunulia mpwa wangu kamera. Kijana huyo alikuwa mwaka wa tatu chuoni, akisomea viumbe vya baharini, na kazi yake ya mwisho ilihitaji picha za video za matumbawe ya Watamu. Mama yake alitoa pesa za zamu yake ya chama, mimi nikaongeza zangu, na babu yake kijijini akauza mbuzi wawili. Kamera ikanunuliwa katika duka moja katikati ya jiji. Kisanduku chake kilikuwa kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inaweza kuzama hadi mita 30.

Haikufika hata mita 7. Kijana aliona tone la maji likitembea nyuma ya kioo, kisha kioo chenyewe kikazima. Alipopanda mashuani alifungua kasha la kamera, akamwaga maji ya chumvi kama mtu anayemwaga masalio ya chai.

Sote tulimlaani mwenye duka. Lakini mwalimu wa kuzamia aliyekuwa naye alilichukua lile kasha, akalichunguza, kisha akaondoa kwa ukucha uzi mmoja mwembamba wa taulo uliokuwa umelala juu ya mpira unaoziba mlango. Taulo hiyo ilikuwa yetu. Mwenye duka hakuwa na hatia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza maswali mengi kwa wazamiaji wa Watamu na Diani, na nimefahamu kwamba bei ya kamera ya baharini si ile iliyobandikwa dukani. Kamera rahisi ni ile inayorudi juu ikiwa kavu, ikiwa na picha ambayo watu wa nyumbani wanaweza kuitazama wakaelewa. Kwa familia au mwanafunzi anayehesabu kila shilingi, hayo ndiyo mambo mawili ya kununua. Mengine ni mapambo.

JIULIZE UTAZAMA WAPI

Swali la kwanza ambalo mnunuzi hulisahau ni kina. Anayeogelea juu juu na kutazama samaki kwa miwani, kama wageni wengi wafanyavyo katika mbuga za bahari za Watamu, Malindi na Kisite, hazidi mita 3 au 4. Mwenye cheti cha kwanza cha kuzamia na mtungi wa hewa, kama kile cha shirika la PADI, huruhusiwa kufika mita 18. Cheti kinachofuata humfikisha mita 30, na mpaka wa wanaozamia kwa kujifurahisha ni mita 40. Nje ya Mombasa kuna meli iitwayo Dania, iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 ili iwe makao ya samaki. Inalala karibu mita 30 chini. Kamera inayotosha kwa matumbawe ya Watamu haitoshi kwa Dania.

Kwa nini kina ni jambo kubwa hivyo? Ni kwa sababu ya uzito wa maji. Kila mita 10 unazoshuka, bahari huongeza mgandamizo unaolingana na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Chukua kitambulisho chako ukitazame. Mlango wa kasha wenye ukubwa kama huo, ukiwa mita 30, husukumwa na maji kwa nguvu ya kilo 140 hivi. Hilo ni gunia moja na nusu la mahindi limekaa juu ya mlango wa plastiki. Sasa fikiria kasha lisilojulikana lilitengenezwa na nani, ambalo neno "mita 30" lilichapishwa na mtu ambaye huenda hajawahi kuona bahari.

Shauri la wazamiaji ni kwamba usinunue kamera ambayo mpaka wake ni sawa na mpaka wako. Acha nafasi. Anayezamia mita 18 atafute kifaa cha mita 30 au zaidi.

AINA TATU ZA KUCHAGUA

Zamani hizo filamu za chini ya bahari zilikuwa za watu wenye meli zao. Mfaransa Jacques Cousteau na mwenzake Louis Malle waliposhinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956, walikuwa wamezamisha taa nzito na mafundi wa kila namna. Mambo yalianza kubadilika mwaka 2004, wakati kampuni ya GoPro ya Marekani ilipotoa kamera yake ya kwanza, ndogo ya kufunga mkononi na yenye kasha lake la kuzuia maji, ingawa bado ilitumia filamu. Leo mwenye pesa za kadiri ana njia tatu.

Ya kwanza ni simu yake mwenyewe. Simu nyingi za bei ya juu huuzwa zikisemekana kuwa haziingii maji, na watu wameamini kupita kiasi. Majaribio ya simu hufanywa katika maji matamu yaliyotulia, si katika chumvi yenye mawimbi, na watengenezaji wenyewe kwa kawaida hawalipi simu iliyoharibiwa na maji. Tena kioo cha kugusa hakisikii kidole chini ya maji. Yako makasha maalumu ya simu, kama lile la SeaLife liitwalo SportDiver, ambalo hufika mita 40 na lina vitufe vyake. Ni kitu kizuri, lakini kumbuka kwamba simu ikizama, huzama na M-Pesa, namba za watu na picha za harusi.

Ya pili ni kamera ndogo za michezo, zile zinazofungwa kwenye kofia ya mwendesha baiskeli. Hizi ndizo zinazowafaa wengi. Lenzi yake huona upana mkubwa, jambo muhimu kwa sababu maji hukuza vitu na kuvisogeza: samaki huonekana kama yuko karibu kwa robo nzima ya umbali wake. Lakini soma maandishi kwa makini. GoPro Hero13 Black iliyotoka mwaka 2024 huvumilia mita 10 tu bila kasha, na mita 60 ikiwa ndani ya kasha lake. Osmo Action 5 Pro ya kampuni ya DJI, ya mwaka huo huo, huvumilia mita 20 bila kasha na mita 60 ikiwa nalo. Zilipoanza kuuzwa Marekani ya kwanza ilikuwa dola 399 na ya pili dola 349. Hapa kwetu ushuru na kodi ya VAT huongezwa juu yake. Ndiyo maana toleo la miaka miwili au mitatu iliyopita, lililoshuka bei, ni jambo la busara. Samaki hajui kamera yako ni ya mwaka gani.

Udhaifu wa kamera hizi ni kwamba hazioni vizuri kitu kilicho karibu sana. Ukiiweka chini ya sentimita 30 hivi kutoka kwa kaa mdogo, utapata ukungu tu. Anayependa vidudu vidogo vya matumbawe afikirie njia ya tatu: kamera ndogo ngumu kama Olympus TG-6 ya mwaka 2019 au dada yake TG-7 ya OM System, iliyotoka mwaka 2023. Hizo hukaribia hadi sentimita 1. Zenyewe huishia mita 15, na kasha lake huzipeleka mita 45. Kasha hilo huuzwa kando na si la bei ya chini, kwa hivyo lihesabu tangu mwanzo.

Kuhusu maandishi ya 4K na 8K, usipumbazwe. Baadhi ya kamera za bei ya chini hupiga picha ndogo kisha huivuta ili ifikie ukubwa wa 4K, kama vile mtu anavyonyoosha chapati moja ilishe watu wawili. Picha safi ya kawaida yenye mwanga wa kutosha huishinda 4K ya giza.

NYEKUNDU HUPOTEA KWANZA

Mpwa wangu alipopata kamera ya pili, alirudi Nairobi na video ya dakika arobaini. Tulikaa kitako sebuleni. Kila kitu kilikuwa buluu. Matumbawe buluu, samaki buluu, hata mzamiaji mwenzake alikuwa kama mtu aliyepakwa wino. Mama yake aliuliza kwa upole kama televisheni ilikuwa imeharibika.

Haikuwa imeharibika. Maji humeza rangi za jua moja baada ya nyingine. Nyekundu huanza kufifia katika mita 5 tu, rangi ya machungwa hufuata kwenye mita 10 hivi, kisha manjano. Mzamiaji akijikata kidole katika mita 20, damu yake huonekana ya kijani. Jicho la mtu hujirekebisha kwa kiasi fulani, lakini kamera haina huruma hiyo.

Dawa ni mbili. Ya bei ya chini ni kichujio chekundu, kipande cha plastiki kinachobandikwa mbele ya lenzi. Hupunguza buluu na kijani ili nyekundu iliyosalia ionekane. Hufanya kazi vizuri kati ya mita 5 na 20 hivi, jua likiwa juu. Karibu na uso wa maji hufanya kila kitu kiwe chekundu kama kachumbari, na chini zaidi hakisaidii kwa sababu hakuna nyekundu iliyobaki ya kuokolewa.

Dawa ya pili ni taa. Taa hurudisha rangi zote, lakini kwa umbali mfupi, mita moja au mbili tu, kwa sababu mwanga hupoteza nyekundu ukienda na ukirudi. Kwa video tafuta yenye lumeni 1,000 au zaidi, yenye mwanga mpana badala ya mshale mwembamba, na uondoe kile kichujio unapoiwasha. Usiiweke juu ya kamera. Iweke pembeni, kwenye mkono wake, la sivyo itaangaza kila chembe ya mchanga iliyo majini na picha itakuwa kama mvua ya unga.

Kanuni iliyo juu ya hizo zote haigharimu senti. Sogea karibu. Kila mita ya maji kati yako na samaki ni pazia. Kitufe cha kuvuta picha karibu kiache nchi kavu.

MPIRA WA SHILINGI CHACHE

Turudi kwa ule uzi wa taulo. Mafundi wa magari huuita mpira ule oringi. Ni duara jembamba linalokaa katika mfereji wa mlango wa kasha, na ndilo linalotenganisha kamera yako na Bahari Hindi. Unywele mmoja, chembe ya mchanga au chumvi iliyokauka hutosha kufungua njia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni kamera mpya.

Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba kasha mara nyingi huvuja katika mita za kwanza. Ukishuka zaidi, maji yenyewe huubana mlango dhidi ya oringi. Kwa hivyo ukiingia majini, simama kidogo karibu na uso, uitazame kamera. Ukiona mstari wa vipovu vidogo, panda mara moja.

Kabla ya kuzamisha kamera yoyote, zamisha kasha tupu. Weka ndani karatasi ya shashi na kitu kizito ili lisielee, uliache katika ndoo ya maji kwa nusu saa. Kisha lipeleke chini katika mzamo wako wa kwanza likiwa bado tupu. Karatasi ikirudi kavu, kamera inaweza kusafiri.

Funga kasha nyumbani, asubuhi, kwa mikono mikavu, mahali pasipo na upepo wa mchanga. Pitisha kidole safi juu ya oringi ukisikiliza chembe. Ipake grisi ya silikoni kidogo sana, kiasi cha kung'aa tu, ikiwa mtengenezaji ameagiza hivyo. Ukifungia kasha mashuani penye joto na unyevu, hewa hiyo itageuka ukungu juu ya kioo mara tu utakapofika penye ubaridi. Vipo vijikaratasi vya kunyonya unyevu vya kuweka ndani. Mashuani ifunike kamera kwa kitambaa chenye maji, kamwe usiianike juani.

Mkirudi, iloweke katika maji matamu kabla chumvi haijakauka, ukibonyeza kila kitufe. Lakini usiiache katika pipa moja na kamera za wengine zikigongana. Kamera nyingi zilizorudi salama kutoka baharini zimefia katika pipa la kuoshea.

MTUMBA NA MGAWANYO WA PESA

Kamera ya pili ya mpwa wangu ilikuwa ya mtumba, kutoka kwa mzamiaji aliyekuwa akibadilisha yake. Si aibu. Lakini kagua. Tazama kama misumari midogo ina kutu, kama kioo cha kasha kina mikwaruzo mbele ya lenzi, kama kufuli ya mlango bado inabana kwa nguvu. Nunua oringi mpya papo hapo. Hakikisha kwamba kasha ni la toleo hilo hilo, kwa maana tofauti ya milimita moja hufanya vitufe visifike. Jaribu betri kwa kupiga video dakika 20 mfululizo dukani. Anayekataa ujaribu amekwisha kukujibu.

Kadi ya kumbukumbu pia ina wezi wake. Tafuta yenye alama ya V30, ambayo huandika megabaiti 30 kila sekunde, na uijaze yote nyumbani mara moja kuhakikisha ukubwa ulioandikwa ni wa kweli. Kwa video za 4K za kawaida, kadi ya gigabaiti 64 hujaa kwa saa moja na robo hivi.

Ukiniuliza jinsi ya kugawa shilingi mia, ningeweka hamsini kwa kamera, ishirini kwa kasha na oringi za akiba, ishirini kwa taa au kichujio, na kumi kwa betri ya pili na kadi. Anayemaliza mia yote kwa kamera hubaki na jina kubwa na picha za buluu. Wanafunzi watano wanaweza kununua moja kwa pamoja, na anayezamia mara moja kwa mwaka ni afadhali akodishe mahali anapozamia.

Kishikio chenye mikono miwili hutuliza picha kuliko mashine nyingi. Chetu kilitengenezwa na fundi wa mabomba kwa vipande vya plastiki vilivyobaki. Alikitoboa matundu ili maji yaingie kisielee, akatoza bei ya chakula cha mchana.

MZAMIAJI KWANZA, KAMERA BAADAYE

Kuna gharama moja ambayo haiandikwi popote. Katika safari ya pili mpwa wangu alimfuata kasa. Alimfuata pembeni ya mwamba, macho kwenye kioo, hadi kiongozi wao alipomshika mguu na kumwonyesha geji yake mwenyewe. Hewa ilikuwa imefika bar 50, kiasi ambacho mtu anapaswa kuwa tayari juu ya maji nacho. Kijana hakuwa ameitazama geji kwa muda mrefu.

Kamera humsahaulisha mtu kwamba anapumua kutoka kwa mtungi. Humfanya azuie pumzi ili picha itulie, na kuzuia pumzi huku ukipanda kunaweza kupasua mapafu. Kwa hivyo usichukue kamera kabla hujaweza kukaa majini bila kupanda wala kushuka na bila kushika kitu. Ifunge kwa kamba kwenye fulana yako, na baada ya kila kipande cha video tazama geji na umtafute mwenzako. Asiyeweza kutulia pia huyapiga matumbawe teke, na tawi lililochukua miaka kukua huvunjika kwa pigo moja. Mbuga za Malindi na Watamu zimelindwa tangu mwaka 1968; hazikulindwa ili zivunjwe na wapiga picha. Anayenuia kuuza filamu yake awaulize kwanza maafisa wa KWS kuhusu kibali.

Na chagua wakati. Kusi likivuma, kati ya Aprili na Septemba, bahari huchafuka, na mvua zikinyesha mto Sabaki humwaga matope upande wa Malindi. Kaskazi ndiyo rafiki wa kamera, hasa siku za maji mafu, kwani mikondo ya bamvua huvuruga mchanga. Nauli ya msimu mbaya ni pesa iliyotupwa, hata ukiwa na kamera ya dola elfu.

Safari ya tatu ilikuwa mwezi wa Februari. Kamera ilikuwa ile ile ya mtumba, na juu yake kichujio kidogo chekundu. Tulikaa tena sebuleni, safari hii babu naye akiwa amekuja kutoka kijijini. Yule kasa alipita mbele yetu polepole, rangi ya gamba lake kama chai ya rangi, akageuza kichwa kidogo, akaenda zake. Babu hajawahi kuingia katika maji yanayozidi magoti. Aliomba irudiwe, kisha akaomba tena, na baada ya mara ya tatu akasema kwamba mbuzi wake walikuwa wamekwenda mahali pazuri.